Je, filamu za zamani tunazisifu kwa heshima tu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na kila Jumamosi usiku tunatazama filamu nyumbani, mimi, mama yangu na watoto wa kaka yangu. Mwezi uliopita nilijaribu kuwaonesha filamu mbili za zamani ambazo wataalamu wanazisifu sana. Watoto walitoka nje kabla ya nusu saa, na mimi mwenyewe nilisinzia. Naomba uniambie ukweli: filamu hizi ni nzuri kweli, au mnazisifu kwa heshima tu, kama watu wanavyomsifu marehemu msibani? Wewe mwenyewe umetazama zipi siku hizi, za zamani na mpya, na umezionaje? Naomba pia ushauri kuhusu mama, maana hapendi kusoma maandishi ya chini ya picha.

Jibu: Marahaba, dada yangu, na mama nisalimie sana. Niseme kwanza lile uliloomba niseme kwa ukweli. Ndiyo, zipo filamu za zamani tunazozisifu kwa heshima tu. Zimebaki katika mitaala na katika orodha za filamu bora kwa sababu zilitangulia kufanya jambo ambalo wengine walilifanya vizuri zaidi baadaye, na mtu akizitazama leo anajifunza historia ya sinema bila kuguswa moyoni. Anayesinzia mbele ya filamu ya namna hiyo hana kosa, na mwalimu anayemlaumu anamwonea. Hata hivyo, katika barua yako naona umeufunga umri wa filamu pamoja na upole wa mwendo wake, na hapo ndipo ninapotaka tutenganishe mambo, kwa sababu miongoni mwa filamu nilizotazama majuma haya nikijiandaa kufundisha, iliyochakaa kuliko zote ina mbio, na mojawapo ya zile zinazokwenda polepole kabisa ni ya juzi tu.

Sisi tuliokulia kwenye banda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuoneshea video, tulifunzwa kutazama kwa namna moja. Dakika tano za mwanzo zilitosha kumjua steringi na kumjua adui, na kwa kuwa steringi hafi, kila mtu mwingine alikuwepo ili apigwe, aokolewe au auawe. Tulifurahi sana, wala sijuti, lakini tulizoea kudhani kwamba filamu ina kazi ya kumfuata mtu mmoja tu, na kwamba dakika ambayo mtu huyo hafanyi lolote kubwa ni dakika iliyopotea. Siku hizi, kabla sijaihukumu filamu kwa mwendo wake, ninajiuliza swali moja: filamu hii inamsubiri nani? Kumsubiri mtu katika sinema ni kubaki naye baada ya kumaliza kusema, anapofikiri, anapoosha vyombo, anapotafuta la kujibu na kulikosa. Muda wa filamu ni mfupi, na mwongozaji anaamua nani apewe muda huo na nani apitwe. Nitakueleza nilivyoziona filamu hizi kwa kuufuata uamuzi huo.

Nianze na iliyonisikitisha. *The African Queen* ya John Huston, ya mwaka 1951, imesifiwa dunia nzima, na ndiyo iliyompa Humphrey Bogart tuzo yake pekee ya Oscar. Hadithi inatokea kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, ingawa picha zilipigwa Uganda, Kongo ya Wabelgiji na studio za Uingereza. Nahodha mlevi na dada wa mmisionari, ambaye anaigizwa na Katharine Hepburn, wanateremka mto kwa mashua kuukuu ili wakaizamishe meli ya kivita ya Wajerumani iliyoko ziwani. Nyuma ya hadithi hiyo ya kubuni ipo historia ya kweli ya Ziwa Tanganyika: mwaka 1915 Waingereza walizivusha boti mbili ndogo, *Mimi* na *Toutou*, kupitia nchi kavu ya Kongo ili kupambana na Wajerumani, na Wajerumani nao walikuwa na meli *Graf von Götzen*, iliyojengwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la *Liemba*, jina ambalo kila mtu wa Kigoma analijua.

Filamu hii haichoshi hata kidogo. Wahusika wake wawili wanagombana, wanapatana, wanapendana, na nilicheka mahali pengi. Lakini itazame mwanzoni kabisa. Kuna kijiji cha misheni, watu wanaimba katika ibada ambayo filamu imeifanya kichekesho, kisha askari wanakuja, wanachoma nyumba na kuwaswaga wanakijiji. Baada ya hapo filamu haiwataki tena. Hakuna hata mmoja wao aliyepewa jina tunaloweza kulikumbuka, wala sura ambayo kamera imekaa nayo tuone anapoteza nini. Katika vita ile makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu katika ardhi hii, na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wachukuzi wa vita hiyo, Carrier Corps kwa Kiingereza. Simlaumu Huston kwa kutengeneza filamu ya mapenzi badala ya filamu ya wapagazi. Ninachosema ni kwamba anaweza kungoja kwa subira mwanamke wa Kizungu amwage pombe ya nahodha mtoni, chupa baada ya chupa, na hawezi kungoja hata kidogo mtu mmoja aitazame nyumba yake inayoungua. Hapo ndipo ilipochakaa, na kasi yote iliyonayo haiwezi kuisaidia.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1953, Yasujiro Ozu alitoa *Tokyo Story* nchini Japani. Ukiwasimulia watoto hadithi yake watakimbia: mzee na mkewe wanatoka mji wao mdogo wa Onomichi kwenda Tokyo kuwatembelea watoto wao wakubwa, watoto wana shughuli nyingi, wazee wanarudi, mama anaugua na kufariki. Hayo ndiyo yote, nayo inachukua zaidi ya saa mbili. Lakini mwaka 2012, jarida la Sight & Sound la Uingereza lilipowauliza waongozaji wa filamu wa dunia nzima, hii ndiyo waliyoipa nafasi ya kwanza, na nadhani ninajua sababu.

Ozu aliishusha kamera hadi karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi mkekani, akaiacha hapo, karibu haisogei kabisa. Kwa hiyo mtazamaji anakuwa kama mmoja wa walioketi chini katika chumba kile, na wanaoingia na kutoka wanapita mbele yake wakiwa wima, wakiwa na haraka zao. Mwanzoni utaona hakuna kinachotokea. Kisha utaanza kuona vitu vidogo: mwana ambaye ni daktari anaitwa kwa mgonjwa siku aliyoahidi kuwatembeza wazazi, na wajukuu waliovaa tayari wanavunjika moyo, binti mwenye saluni anamwambia mumewe asinunue vitafunio vya bei kwa ajili ya wazee. Baadaye watoto wanachanga fedha ili kuwapeleka wazee Atami, mji wa mapumziko ulio kando ya bahari, na kila mtu anajua, wazee wakiwa wa kwanza, kwamba wanaondolewa njiani kwa heshima. Usiku kelele za vijana wanaojiburudisha haziwaachi walale. Asubuhi wanaketi kwenye ukuta wa ufukweni wakizungumza mambo ya kawaida, wanaamua kurudi nyumbani, na mama anapoinuka anayumba, anainama kidogo, anashika ukuta. Mumewe anamuuliza, naye anasema si kitu, ni usingizi tu. Ozu haisogezi kamera karibu wala haleti muziki wa kututisha. Mtazamaji anajua kwamba amekiona kifo kinaanza, na kwamba hakuna mtu ndani ya filamu aliyekiona vile.

Wengi huieleza filamu hii kuwa ni ya watoto wasio na shukrani, na hapo siwafuati. Huyo binti mwenye saluni, Shige, ambaye baada ya mazishi anaomba apewe nguo za mama yake kabla hata watu hawajaondoka, tumekwisha kumwona kwenye matanga yetu, na ni rahisi kumchukia. Lakini Ozu amemsubiri hata yeye. Tumemwona anafanya kazi mchana kutwa, tumemwona amkapo usiku wa manane baba yake aliporudi amelewa pamoja na rafiki, akahangaika kuwatafutia mahali pa kulala, na anapolia kwenye mauti analia kweli. Ni mtu aliyebanwa na maisha ya mjini, na ana huzuni ya kweli pamoja na uchoyo wa kweli. Kwa upande wa pili yupo Noriko, mjane wa mtoto wao aliyepotea vitani, mkwe asiyefungwa na damu, ambaye ndiye pekee aliyeomba ruhusa kazini ili awatembeze. Setsuko Hara anamwigiza kwa tabasamu ambalo baada ya muda unaanza kulihofia, kwa sababu unaona lina kazi ya kuficha jambo. Na mzee huyo anayeonekana wa miaka sabini, Chishu Ryu, alikuwa hajafika hamsini alipoigiza. Nilijua hilo kabla sijaketi kuitazama, na bado nilimwamini tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa nikupeleke Dakar, kwa sababu filamu zilizonishughulisha zaidi ni tatu, zote zimetoka katika mji huo mmoja na zote zinaitazama bahari ileile, kwa vizazi tofauti.

Ya kwanza ni *La Noire de...* ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966. Sembène alikuwa kuli wa bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya, na aliposoma sinema, huko Moscow, alikuwa mtu mzima anayejua anachotaka kusema na anataka kusema na nani. Filamu ina urefu wa kama saa moja tu. Diouana, msichana wa Dakar, anapata kazi kwa familia ya Wafaransa, na wanaporudi kwao wanamchukua. Dakar alikuwa akiwalea watoto. Akifika Antibes, kusini mwa Ufaransa, anakuta watoto hawapo, na yeye ni mpishi, dobi na mfagiaji aliyefungiwa ndani ya fleti. Ufaransa aliyoiota inakuwa jiko, sebule, bafu na chumba cha kulala. Mwisho wake ni mbaya: anajiua bafuni.

Nimeifundisha filamu hii mara nyingi, lakini safari hii nilitazama zaidi namna Sembène anavyomsubiri Diouana akifanya kazi. Anapiga deki akiwa amevaa gauni zuri na viatu virefu, kwa sababu aliambiwa anakwenda Ufaransa na alivaa mavazi ya mtu anayekwenda Ufaransa. Bibi mwenye nyumba anamwamuru avue viatu, asisahau kwamba yeye ni mtumishi. Viatu vile havina maelezo yoyote. Tumeviona vikizunguka sakafuni muda wa kutosha kujua kwamba ndivyo vilivyobaki kati yake na kuitwa kifaa cha nyumba. Mbissine Thérèse Diop, aliyemwigiza, alikuwa mshonaji wa nguo, hakuwa mwigizaji wa kazi, na uso wake una utulivu ambao mwigizaji mzoefu angeshawishika kuuvunja.

Kuna pia barua. Mama yake amemwandikia kutoka Dakar kwa mkono wa mtu mwingine, na kwa kuwa Diouana hajui kusoma, anasomewa na bwana mwenye nyumba, ambaye hapo hapo anachukua kalamu na kuanza kumwandikia jibu, anamtungia maneno na kumuuliza kama yanafaa. Diouana anaichana barua. Mtu anaongelewa mbele ya macho yake na kwa jina lake, na njia pekee ya kusema aliyobaki nayo ni kuharibu karatasi.

Nitakuambia pia ninapoona udhaifu. Mawazo ya Diouana tunayasikia kwa Kifaransa safi, kwa sauti iliyoingizwa baadaye na Toto Bissainthe, mwimbaji wa Haiti, na mara kadhaa sauti hiyo inatueleza jambo ambalo uso umekwisha kulieleza. Ningetamani filamu ingemwamini msichana huyo akiwa kimya. Hapo umri wake unaonekana. Lakini dakika za mwisho zinafuta kasoro hiyo: bwana yule anarudi Dakar na sanduku la marehemu, mshahara wake na kinyago ambacho Diouana aliwapa zawadi siku za mwanzo, mama anazikataa fedha, na mtoto mdogo anavaa kinyago kile na kumfuata Mfaransa nyuma nyuma mitaani hadi mtu mzima yule anaanza kukimbia.

Wewe unaishi pwani, na hutahitaji mimi nikueleze kwa nini filamu hii si ya kale. Mabinti wa Tanzania, Kenya na Uganda wanakwenda kufanya kazi za ndani Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Wakala anaahidi kazi moja, mwajiri anatoa nyingine, na pasipoti inashikiliwa na mwenye nyumba. Wapo wanaotendewa wema wakajenga nyumba za wazazi wao, na wapo ambao familia zinapokea sanduku. Nikionesha *La Noire de...* darasani, hakuna anayeniuliza kwa nini haina rangi.

Ya pili ya Dakar ni *Touki Bouki*, maana yake safari ya fisi, ya Djibril Diop Mambéty, mwaka 1973. Vijana wawili, Mory na Anta, wanatafuta fedha kwa hila na wizi ili wapande meli waende Paris, wakizunguka mji kwa pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe mwenye pembe ndefu. Wimbo wa Joséphine Baker kuhusu Paris unarudiwa na kurudiwa hadi unachosha masikio, nami nadhani mwongozaji alitaka utuchoshe, kama ndoto inavyowachosha wenyewe. Hii si filamu ya polepole. Inakatwakatwa, inaruka, inachanganya kilichotokea na kilichowazwa. Mambéty hakusomea sinema, na katika sehemu ya kati, kwenye jumba la tajiri, naona hadithi inalegea. Lakini mwishoni, wakati meli iko tayari, Mory anageuka na kukimbia kurudi mjini, Anta anabaki melini na anaondoka, na hatuelezwi sababu. Nilipokuwa kijana nilimwona Mory mwoga. Sasa ninapoitazama, ninaona mtu aliyegundua kwamba alichokuwa akikipenda ni safari ya kuitafuta safari. Nakuonya jambo moja: mwanzoni kuna machinjio ya kweli, damu na ng'ombe wanaokufa mbele ya kamera, na watoto wako hawapaswi kuona.

Ya tatu ni *Atlantique* ya Mati Diop, ya mwaka 2019, iliyopata tuzo kubwa ya pili kwenye tamasha la filamu la Cannes. Mati Diop ni binti wa mdogo wake Mambéty, lakini filamu yake haiishi kwa jina la baba mkubwa. Vijana wanajenga ghorofa refu la fahari na hawalipwi mishahara miezi kadhaa, basi usiku mmoja wanapanda mtumbwi kwenda Hispania. Filamu haiwafuati baharini hata kidogo. Inabaki na wasichana walioachwa, hasa Ada, aliyeozwa kwa tajiri na moyo wake uko kwa mmoja wa waliozama. Halafu usiku wasichana wanaanza kupandwa: macho yanakuwa meupe, wanatembea kwa miguu mitupu hadi nyumbani kwa mkandarasi, na kwa vinywa vyao wale waliokufa wanadai mishahara yao. Mtazamaji wa Ulaya anaweza kuiona kuwa filamu ya kutisha. Mtu wa Tanga, Pemba au Mombasa anajua kwamba pepo akipanda huja na dai lake, na kwamba kazi ya walio hai ni kumuuliza anataka nini. Kwa hiyo niliitazama kama filamu ya madai. Wale wanaume wanamlazimisha mkandarasi awachimbie makaburi kwa mikono yake mwenyewe, na ninaithamini hasa kwa kuwa haikuridhika na machozi. Ilitaka fedha ilipwe.

Kisa cha upelelezi kilichoingizwa humo, cha askari kijana anayetafuta aliyechoma kitanda cha harusi, kinanikera kidogo mwanzoni kwa sababu kinatuvuta mbali na Ada, ingawa baadaye kinapata maana yake. Bahari yenyewe imepigwa picha na Claire Mathon kwa subira kubwa, asubuhi, jioni, katika ukungu, mpaka unaelewa kwamba hatuoneshwi mandhari. Tunaoneshwa wanachokitazama wasichana wale wakingoja habari.

Nilikuahidi filamu mpya ya mwendo wa polepole. Ni *This Is Not a Burial, It's a Resurrection* ya Lemohang Jeremiah Mosese wa Lesotho, ya mwaka 2019. Bibi Mantoa, mjane wa miaka themanini, anamsubiri mwanawe arudi Krismasi kutoka migodi ya Afrika Kusini, na badala yake inaletwa habari ya kifo. Amewazika wote, anachotaka ni kufa na kuzikwa karibu nao. Ndipo serikali inatangaza kwamba bonde lote litafunikwa na maji ya bwawa, makaburi yakiwemo. Lesotho kweli imejenga mabwawa makubwa, Katse likiwa mojawapo, yanayopeleka maji Afrika Kusini, kwa hiyo hadithi hii haikubuniwa hewani. Mary Twala, aliyeigiza Mantoa, alifariki mwezi Julai 2020, na uso wake katika filamu hii umebeba karibu kila kitu. Kuna picha zinazodumu muda mrefu mno hata kwangu, nilihisi mwongozaji anaupenda sana uzuri wa alichokipanga. Lakini bibi yule anapoamka usiku kuvaa gauni lake jeusi la heshima na kucheza peke yake na mtu asiyekuwepo, sikutaka ikatwe hata sekunde moja.

Za kwetu nitazisema kwa kifupi, kwa sababu unaweza kuzipata na kuamua mwenyewe. *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza: Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anakimbilia kwa Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana wa siasa. Ni filamu nzuri kwa macho, na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji, anampa Mwajuma uhai mkubwa. Malalamiko yangu ni kwamba mara nyingi inazisubiri kuta za Mji Mkongwe na mwanga wa taa kuliko inavyomsubiri Yasmin. Kwenye riwaya nilijua hofu yake, kwenye filamu niliusifu uso wake. *Nairobi Half Life* ya David Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, haina uzuri wa namna hiyo, ina haraka na matope, lakini inamjua kijana wake. Mwas anaondoka kijijini kwenda Nairobi kuwa mwigizaji, anaibiwa alipofika tu, anatupwa mahabusu, anaingia kwenye genge na wakati huohuo anapata nafasi jukwaani. Joseph Wairimu, aliyepata tuzo ya mwigizaji bora huko Durban, anatuonesha kwamba kwa Mwas kuigiza ni njia ya kupona: mahabusu wanapomtuma kazi ya aibu kuliko zote, ya kusafisha choo, anaitia uigizaji na hivyo anabaki mtu.

Nimalizie na mama. Kutopenda kusoma maandishi si kasoro yake. Hapa kwetu tulikuwa na jibu letu la tatizo hilo: Lufufu alisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, DJ Afro anafanya hivyo Kenya, na wale wa Kampala wanasimulia kwa Kiganda, na watu wasiojua neno la Kiingereza walizielewa na kuzipenda. Wasomi waliwadharau, mimi nawahesabu kuwa wakalimani wa kweli. Fanya kazi yao, lakini kwa kiasi. Mweleze mama hadithi kabla ya kuanza, majina na undugu wa watu, kisha mtafsirie yale maneno yanayobadilisha jambo tu, na watu wakinyamaza nawe nyamaza. *Tokyo Story* inafaa sana kwa njia hiyo kwa sababu mazungumzo yake ni ya kawaida: mmekula, mmelala, kuna joto leo. Igaweni kwa Jumamosi mbili, mkomee pale wazee wanapoondoka Atami.

Kwa watoto, anza na *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ambayo maneno yake mengi ni ya Kiswahili, hivyo mama naye hatahitaji kusoma sana. Ni ya msichana mgonjwa anayependa mashujaa wa sinema, na kijiji chake kinaamua kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Ina kicheko kingi na ina kifo, kwa hiyo ketini pamoja nao. *Nairobi Half Life* iache hadi wakubwe, kwa matusi na risasi zake, na *La Noire de...* itazameni wewe na mama peke yenu kwanza, mkijua inavyoisha. Mkishamaliza ile ya Ozu, uniandikie mama alisema nini kuhusu Shige. Nina hisia kwamba atamtetea.